Barua ya wazi: Uvimbe adimu wa ini upate jina kabla ya kisu

Kwa mawaziri wa afya, wakurugenzi wa hospitali, wakuu wa vyuo vya udaktari, na ninyi nyote mnaokaa mezani kuandika miongozo ya tiba ya saratani.

Waheshimiwa,

Mimi ni daktari wa patholojia. Wagonjwa wengi hawanijui kwa sura, ingawa majibu yao hupita mikononi mwangu. Kinachotolewa kwenye chumba cha upasuaji huletwa kwangu ndani ya ndoo ya formalini. Nakipima, nakikata, nakitazama kwa macho kisha kwa hadubini, halafu nakipa jina. Ninawaandikia kwa sababu, kwa upande wa ini, jina hilo huja limechelewa mara nyingi mno. Mgonjwa ameshapasuliwa, nusu ya ini imeshatoka, ndipo mimi naandika kwenye ripoti neno ambalo hakuna aliyelitaja kabla.

Nitawaeleza habari ya ndoo moja tu, maana hiyo ndiyo iliyonishikisha kalamu.

Fomu iliyokuja nayo, pale penye nafasi ya historia ya mgonjwa, ilikuwa na maneno mawili: "saratani ini". Mwanamke, miaka 43. Ndani mlikuwa na upande wa kulia wa ini, na katikati yake bonge la ukubwa wa chungwa. Nilipopitisha kisu, bonge lilifunguka bila ubishi: laini, la manjano hapa na hudhurungi pale, lenye vidoa vya damu, ukingo wake umejichora vizuri. Kilichonishtua zaidi ni ini lenyewe. Lilikuwa ini zuri, uso wake laini, halina vinundu wala kovu. Saratani ya kawaida ya seli za ini kwa sehemu kubwa huota kwenye ini lililokwisha kuchakaa kwa homa ya ini B au C, kwa pombe, au kwa mafuta yaliyojilimbikiza miaka mingi. Niliweka kisu chini, nikaisoma tena ile fomu, nikitafuta maneno ambayo hayakuwepo.

Chini ya hadubini seli zilikuwa kubwa, za waridi, zinazofanana na seli za saratani ya ini kiasi kwamba mtu mwenye haraka angeandika hivyo na kufunga jalada. Nikaagiza rangi za kingamwili, ambazo hushika seli za aina fulani tu. Zile zinazotambua seli za ini, HepPar-1 na arginase-1, hazikushika. HMB-45, ambayo tumezoea kuitumia kutafuta melanoma, saratani ya seli za rangi ya ngozi, ilishika: chembechembe za kahawia zimetapakaa ndani ya seli kama vumbi la ugoro. Jibu likawa anjiomiolipoma, uvimbe unaochanganya mishipa ya damu, misuli laini na mafuta. Kwa wagonjwa wengi si saratani. Ukithibitishwa mapema, ukiwa mdogo na hausumbui, unaweza kufuatiliwa kwa picha bila kuguswa.

Huenda lile bonge, kwa ukubwa wake, lingetolewa hata hivyo. Nalikubali hilo. Lakini mama yule angeingia chumba cha upasuaji akijua anachotolewa, na pengine angekatwa kidogo zaidi. Daktari aliyempasua aliniambia kwamba alipompa jibu, mama alinyamaza kwa muda, kisha akauliza: "Kwa hiyo muda wote huo sikuwa na kansa?" Alikuwa ameshawagawia watoto wake vitu vyake.

Simlaumu daktari wa upasuaji, wala aliyesoma picha. Picha zilionyesha kile ambacho saratani ya ini huonyesha. Ukimchoma mgonjwa dawa ya kontrasti, inayofanya damu ionekane kwenye picha, na kumpiga picha za CT au MRI kwa awamu, saratani ya seli za ini hung'aa damu ya ateri inapofika, kisha hufifia kuliko ini linaloizunguka wakati wa awamu ya vena. Kung'aa na kufifia: ndiyo saini yake. Anjiomiolipoma nayo ina damu nyingi ya ateri, nayo mara nyingi hung'aa na kufifia hivyohivyo. Mafuta yake yangeweza kuwa dalili, ila kiasi cha mafuta hutofautiana sana, toka karibu hakuna hadi karibu bonge zima, na saratani ya ini nayo inaweza kuwa na mafuta. Mara nyingine mshipa unaotoa damu kwenye uvimbe huonekana mapema, ukielekea kwenye vena za ini, na jicho lililozoea hulishika jambo hilo. Macho yaliyozoea uvimbe huo hayako kila hospitali.

Hapa ndipo penye kiini cha barua yangu. Saini ile ya kung'aa na kufifia ni kanuni nzuri, iliyookoa wagonjwa wengi wasichomwe bila sababu sindano ya kuchukua kipande cha uvimbe. Lakini ilitungwa kwa watu maalumu. Mfumo wa LI-RADS, wa kupanga uvimbe wa ini kwa madaraja kufuatana na picha, uliotolewa na Chuo cha Radiolojia cha Marekani mwaka 2011, unasema wazi kwamba unawahusu watu wazima wenye sirosisi, yaani ini lililojaa makovu, wenye homa ya ini B ya kudumu, au waliowahi kupata saratani ya seli za ini. Miongozo ya chama cha Ulaya cha wataalamu wa ini, EASL, ya mwaka 2018, iliweka bayana kwamba kwenye ini lisilo na sirosisi, saratani ya seli za ini sharti ithibitishwe kwa patholojia. Kwa maneno mengine, mwanamke mwenye ini zuri hakupaswa kuhukumiwa kwa picha peke yake. Kanuni ipo. Imeandikwa. Inavukwa kila siku na watu wema wenye kazi nyingi, kwa sababu hakuna mahali kwenye mfumo ambapo mtu analazimika kusimama na kuuliza: je, mgonjwa huyu ni wa kanuni hii?

Mazoea yana taabu. Mwaka 2022 duniani walikadiriwa wagonjwa wapya wa saratani ya ini zaidi ya 860,000, na walio wengi mno kati yao walikuwa na ileile saratani ya seli za ini. Daktari aliyeona mia moja za aina hiyo anamwona wa mia na moja kwa macho yaleyale. Si uzembe. Ndivyo akili ya mtu inavyofanya kazi, na ndiyo sababu naomba mfumo, siombi lawama.

Niruhusuni nieleze uvimbe mwingine mmoja kwa kirefu, kwa kuwa madhara yake ni kinyume cha yale ya mama yule. Unaitwa hemanjioendothelioma ya epithelioidi. Hutokana na seli zinazotandika mishipa ya damu. Ni adimu kwelikweli: kwa mwili mzima hukadiriwa mtu mmoja hivi katika watu milioni. Kwenye ini mara nyingi hauji kama bonge moja bali kama vinundu vingi, vilivyokaa pembezoni, karibu na ngozi ya ini, vingine vikiivuta ngozi hiyo ndani. Sasa mwonyesheni daktari yeyote ini lenye vinundu kumi na tano. Atasema saratani imesambaa kutoka kwingine. Mgonjwa, ambaye huenda ni kijana na anatembea kwa miguu yake, anaanza kusakwa chanzo: kamera ya tumbo, kamera ya utumbo mpana, picha ya mapafu, matiti. Chanzo hakipatikani, na baada ya miezi anaambiwa arudi nyumbani akapunguziwe maumivu.

Hata sindano ikichomwa, uvimbe huu una hila. Seli zake hujitoboa kishimo ndani, zikafanana na seli za saratani ya tumbo zenye umbo la pete, na baadhi hushika rangi za keratini ambazo tunazihesabu kuwa za saratani ya kawaida. Ukitazama kwa utulivu, ndani ya kile kishimo unaweza kukuta chembe moja nyekundu ya damu imekaa peke yake. Chembe hiyo moja ndiyo inayokuambia: hii seli inajaribu kuwa mshipa. Hapo unaomba rangi zinazotambua seli za mishipa, CD31, CD34 na ERG, na ukiweza CAMTA1, kwa maana tangu mwaka 2011 tunajua kwamba sehemu kubwa ya uvimbe huu hubeba jeni mbili zilizoungana, WWTR1 na CAMTA1. Kwenye picha pia upo ushahidi kwa anayejua: vena inayofika kwenye ukingo wa kinundu na kukatika ghafla, kama kijiti cha pipi.

Kwa nini nasisitiza? Kwa sababu hatima ni tofauti kabisa. Wapo wagonjwa wa uvimbe huu walioishi miaka mingi, wapo ambao uvimbe umetulia bila dawa, na wapo waliopandikizwa ini ingawa vinundu vilikuwa vimejaa pande zote mbili, jambo ambalo kwa saratani iliyosambaa kutoka tumboni kwa kawaida haliwazwi. Wengine huenda haraka, sifichi. Lakini mtu aliyeambiwa akapunguziwe maumivu, kumbe alistahili kupelekwa kwa timu ya upandikizaji, amenyimwa mlango, na hata hajui kuwa mlango ulikuwepo.

Kwa jamii nyingine za uvimbe nitapita upesi. Kuna fibrolamela, saratani ya vijana wasio na sirosisi, ambayo AFP, kipimo cha damu kinachotumika kutafuta saratani ya seli za ini, kwa kawaida haipandi. Mara nyingi huwa na kovu katikati, kama lilivyo kovu la uvimbe usio na madhara uitwao FNH. Kwenye MRI kovu la FNH mara nyingi huwa jeupe kwenye aina ya picha ziitwazo T2 na la fibrolamela huwa jeusi, na dawa ya kontrasti inayofyonzwa na seli za ini husaidia zaidi, kwa kuwa FNH kwa kawaida huishikilia dawa hiyo baada ya kama dakika 20. Mmoja anaachwa salama, mwingine asipotolewa anaua, na tofauti ni rangi ya kovu na subira ya dakika 20 kwenye mashine. Kuna vifuko vya maji ambavyo si maji tu: uvimbe wa ute wa njia za nyongo, ambao wanaoupata karibu wote ni wanawake, na ambao ukikatwa paa tu kama kifuko cha kawaida hurudi, na baadhi hugeuka saratani. Kifuko cha tegu wa mbwa kinaweza kufanana nao, na hicho ukikidunga bila maandalizi unaweza kumuua mgonjwa kwa mshtuko wa mzio. Kuna uvimbe wa inflamesheni, yaani wa mwako wa kinga ya mwili, unaojifanya saratani ya mifereji ya nyongo, ukaja na homa na kukonda, kumbe ungenywea kwa antibiotiki au steroidi. Kuna adenoma, uvimbe wa seli za ini usio saratani, ambayo kwa mwanamke, ikiwa chini ya sentimita 5, tiba yake huanza kwa kuacha vidonge vya uzazi wa mpango na kufuatilia, na kwa mwanaume hushauriwa itolewe kwa ukubwa wowote.

Kuna pia anjiosakoma, saratani ya mishipa ya damu, mbaya kuliko zote hizi. Ninaitaja kwa sababu ya somo lake. Mwaka 1974 madaktari waliripoti vifo vya wafanyakazi wa kiwanda kimoja cha plastiki huko Louisville, Marekani, wote kwa uvimbe huu ambao daktari wa kawaida huenda asiuone maisha yake yote. Waliokufa walikuwa wakifanya kazi na kemikali ya vinaili kloraidi. Iligundulika kwa kuwa kuna aliyejua wagonjwa wale walifanya kazi gani. Fomu ninazopokea leo nyingi hazina nafasi ya kuandika kazi ya mgonjwa.

Najua mtaniuliza: mbona msichome sindano tu? Swali ni la haki. Sindano ina hatari zake. Ini lina damu nyingi, na anjiosakoma ikichomwa inaweza kumwaga damu isiyokamatika. Seli za saratani zinaweza kufuata njia ya sindano. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2008 ulikuta jambo hilo kwa takriban asilimia 2.7 ya waliochomwa kwa saratani ya seli za ini. Ndiyo maana madaktari wa upasuaji wengi husema: kama bonge linatolewa hata hivyo, kwa nini nilichokoe? Nimebishana nao kwa miaka, na nimefika mahali hapa: pale ambapo jibu haliwezi kubadili chochote, wako sahihi. Pale ambapo mgonjwa hana sirosisi, vipimo vya homa ya ini ni safi, AFP ni ya kawaida, na mmoja wa majibu yanayowezekana ni uvimbe usiohitaji kisu au unaohitaji kisu cha aina nyingine, hofu ya hiyo asilimia 2.7 haitoshi kuwa sababu ya kumkata mtu nusu ya ini kwa kubahatisha.

Na sindano nayo ichomwe ipasavyo. Sindano nyembamba inayovuta seli chache hunipa herufi bila neno. Nahitaji sindano nene inayotoa kijiti cha nyama, na vijiti viwe vya sehemu mbili: ndani ya uvimbe, na kwenye ini la kando. Hicho cha pili karibu kila mara husahaulika, nami nabaki nimeshika ua bila kujua limechumwa kwenye bustani gani.

Sasa naomba.

Naomba mwagize kwamba hakuna uvimbe wa ini unaopangiwa upasuaji kwa mtu asiye na sirosisi wala homa ya ini B kabla haujapita kwenye kikao cha pamoja: daktari wa upasuaji, wa radiolojia, wa ini, wa saratani na wa patholojia. Na wa patholojia aitwe kabla, si baada. Tumezoeleka kuitwa kama mahakama ya rufaa wakati hukumu imeshatekelezwa. Pale hospitali isipokuwa na watu hao wote, kikao kinaweza kufanyika kwa intaneti. Picha na slaidi leo husafiri haraka kuliko mgonjwa. Ulaya waliunda mwaka 2017 mitandao ya marejeo kwa magonjwa adimu, ikiwemo ya magonjwa adimu ya ini na ya saratani adimu za watu wazima, ili daktari aliye mbali aweze kuuliza. Wao huita saratani adimu ile inayopata watu wasiofika 6 katika 100,000 kwa mwaka. Nchi moja peke yake, hata iwe tajiri, haiwezi kumfundisha kila daktari uvimbe ambao atauona mara moja. Inaweza kumpa namba ya kupiga.

Naomba ripoti ya radiolojia ipewe ruhusa rasmi ya kusema "hatuna uhakika". Nimeona ripoti nzuri za madaktari waangalifu, zenye majibu matatu yanayowezekana, zikirudishwa na kuombwa "zitoe jibu". Aliyeombwa mara tatu, mara ya nne anatoa jibu. LI-RADS yenyewe ina daraja la LR-M, kwa uvimbe unaoelekea kuwa saratani lakini usio na sura ya saratani ya seli za ini hasa. Waliotunga kanuni waliacha nafasi ya shaka. Tuitumie.

Naomba maabara zipewe rangi za kingamwili zisizo za saratani za kawaida tu. Bajeti hununua zile zinazotumika kila wiki, na ile inayotumika mara mbili kwa mwaka hufutwa kwenye orodha na mtu ambaye hajawahi kuonana na mgonjwa wa mara hizo mbili. Bila HMB-45 ningeandika saratani kwa yule mama, na pengine angeanzishiwa dawa.

Na majibu yangu yarudi. Ripoti yangu huenda kwa daktari wa upasuaji na kuishia kwenye faili; daktari aliyesoma zile picha hajui mpaka leo kwamba ilikuwa anjiomiolipoma. Atajifunzaje? Jambo hilo halihitaji fedha nyingi. Ni mtu mmoja kutuma nakala. Kila uvimbe adimu uandikwe pia kwenye daftari la saratani kwa jina lake kamili, usitupwe kwenye kapu la "saratani ya ini, nyinginezo". Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, akiwemo Elana Simon aliyeugua fibrolamela akiwa mtoto, walionyesha kwamba uvimbe wote 15 wa fibrolamela waliouchunguza ulikuwa na muungano uleule wa jeni, DNAJB1 na PRKACA. Sasa muungano huo unatusaidia kuutambua kwa uhakika hata kwenye kijiti cha sindano. Haukugunduliwa kwa bahati. Ulihitaji nyama iliyohifadhiwa, ikiwa na jina sahihi juu ya chupa.

La mwisho ni la mgonjwa. Fomu ya ridhaa ya upasuaji ina nafasi moja ya ugonjwa, na daktari hujaza neno moja. Ongezeni mstari wa pili: ni nini kingine kinaweza kuwa. Wapo watakaosema mgonjwa ataogopa. Mama yule aliogopa kwa miezi, tena aliogopa kitu ambacho hakikuwepo. Mtu mzima anaweza kubeba neno "huenda" akielezwa kwa heshima, na anaweza hata kuuliza swali ambalo sisi tumesahau: je, hamwezi kupima kwanza?

Slaidi za mama yule bado ninazo, sita kwa jumla, pamoja na picha zake zote za CT. Mkiitisha kikao cha kuandika upya mwongozo huu, nipeni saa moja na hadubini moja, nitakuja nazo.

Wenu katika kazi,

Daktari wa patholojia